Pua ya Mama Mapacha

"Toa pumzi."

Mumewe alikuwa amesimama kizingitini, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango, viatu bado miguuni. Alifungua mdomo, akapumua. Mama Mapacha alisogeza pua karibu na midomo ile, akafumba macho, akanusa. Akanusa tena. Kulikuwa na maziwa, kulikuwa na jasho, na juu ya vyote kulikuwa na thina ya kuchanganyia vanishi, ile harufu kali yenye utamu wa uongo, ambayo haikumtoka mwanamume huyu hata akioga maji ya moto na kujisugua kwa jiwe.

"Umejipaka tena," akasema.

"Nimejipaka nini?"

"Thina. Unajipaka ili nisisikie kile kingine."

"Sijanywa, Mama Mapacha."

"Na miguu hiyo je?"

Mumewe aliiangalia miguu yake kama vile ni ya mtu mwingine aliyemwazima. Goti la kulia lilikuwa likimcheza. "Nimechoka," akasema.

"Hata mimi nimechoka. Lakini natembea."

Akampisha. Mwanamume akapita, akagonga bega kwenye mlango aliokuwa akiupita tangu siku waliyooana, akageuka na kusema, "Samahani." Alikuwa akiuambia mlango.

Msimcheke Mama Mapacha kwa pua yake. Pua ile ndiyo iliyowalea mapacha wake wawili wa kike mpaka wakaolewa. Alikuwa dobi, na furushi la nguo likiletwa uani kwake, kabla hajalifungua alilinusa. Kola ya shati ilimwambia nani amerudia sigara baada ya kuapa ameacha. Foronya ilimwambia mtoto gani ana homa. Kwapa la koti lilimwambia nani amelala kwingine, na kwa nani. Bahati ya mtaa ule ni kwamba mdomo wake haukuwa kama pua yake, la sivyo nusu ya ndoa zingekuwa zimevunjika zamani. Alinusa, akanyamaza, akachanganya sabuni inayofaa. Nguo za mumewe peke yake ndizo alizozifua bila kuzisikiliza, katika beseni lao la pekee, kwa sababu thina ya ovaroli huambukiza mashuka ya watu.

Mumewe aliitwa Kioo. Hilo halikuwa jina, ilikuwa sifa. Alikuwa fundi wa vanishi katika karakana ya samani, na meza ikitoka mikononi mwake, wanawake waliokuja kuinunua waliinama juu yake kwanza, wakajitengeneza vilemba. Hakuna aliyemfikia. Siri yake ilikuwa moja, naye hakuificha: adui wa vanishi ni vumbi. Chembe moja ikitua kabla vanishi haijakauka, imekula kazi yote. Kwa hiyo Kioo alifunga madirisha. Aliyafunga, akaziba nyufa kwa karatasi, akasokomeza matambara yaliyolowa chini ya mlango, ndipo akawasha mashine na kuanza kupuliza. Chumba kilipojaa ukungu wa vanishi na thina mpaka taa ikawa na duara la manjano, yeye alikuwa humo ndani, kitambaa kimefungwa puani, akipeleka bomba kushoto na kulia kwa utulivu wa mtu anayempangusa mtoto uso. Vitambaa vile alikatiwa na mkewe, kutoka kwenye mashuka yaliyochakaa. Alimkatia vizuri, akamkunjia pindo.

Na kulikuwa na maziwa. Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Tajiri, hakuwa mtu mbaya. Kila adhuhuri alimletea fundi wa vanishi bilauri ya maziwa, kwa sababu kila fundi anajua, na fundi aliyemfunza alijua, kwamba maziwa huosha kifua. Kioo aliyanywa yote, akatoka na masharubu meupe, wenzake wakamcheka, akarudi ndani, akafunga mlango.

Basi mambo yalipoanza kwenda kombo, nani angeanza kulaumu karakana? Kila mwanzo wa wiki Kioo alirudi akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Katikati ya wiki alirudi akicheka peke yake, au akiwa na hasira ambayo hakuna aliyemchokoza. Lakini siku ya mapumziko alikuwa mzima! Alimsaidia mkewe kukamua mablanketi, yeye huku, mkewe kule, wakisokota mpaka maji yakaisha, na akimtania kwamba mikono yake ingemnyonga chatu. Mama Mapacha alilitazama jambo hilo, akalipima. Siku anazokwenda nje, analewa. Siku ninayomwona toka asubuhi mpaka jioni, halewi. Alichokiona kilikuwa kweli tupu. Alichokifikiri ndicho kilichokuwa kosa.

Kisha Kioo akaanza kusahau. Alitumwa sabuni, akarudi na kiberiti. Alieleza kisa kimoja mara tatu kwenye chai ile ile. Siku moja uji uliungua jikoni naye ameketi kando ya jiko, mikono mapajani, ametulia. Moshi ulikuwa umejaa mpaka darini.

"Hukusikia harufu?" mkewe alifoka, akiitupa sufuria nje.

"Harufu gani?" akauliza. Aliuliza kwa dhati, mtu wa watu.

Mama Mapacha aliamua kuita kikao.

Alikuja kaka yake, fundi baiskeli, mtu aliyependa haki hasa pale alipokuwa yeye ndiye mwamuzi. Wakaja na mapacha wenyewe, pacha mkubwa akiwa na kitoto chake cha kwanza begani, mjukuu ambaye Kioo alikuwa hajampakata hata mara moja. Kioo alipomwona alinyoosha mikono. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Pacha mkubwa alimhamishia mtoto bega la pili.

"Ngoja kwanza, baba," akasema, macho chini. "Tuzungumze kwanza."

Kioo alirudisha mikono yake, akaibana katikati ya magoti.

Wakazungumza. Kwa kweli walizungumza wao. Kaka alisema ya kusema, kwamba pombe imewamaliza wanaume wenye akili, kwamba watu mtaani wamemwona shemeji akishika ukuta kama kipofu. Kioo aliapa. Aliapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la mama yake, akasema hajawahi kutia pombe kinywani, hata ujanani.

"Mlevi gani aliyewahi kukubali?" kaka akauliza, na mapacha wakatazama sakafu.

Ndipo Kioo akamgeukia mkewe. "Mama Mapacha. Wewe ndiye unayenifulia. Unajua kila kitu cha kila mtu. Waambie wewe. Mimi nimekunywa?"

Angeweza kusema sijui. Mpaka leo neno hilo linamkaa kooni, sijui, neno dogo ambalo lingemtosha. Lakini alikuwa dobi mwenye pua isiyokosea, na kaka yake alikuwa akimtazama, na alikuwa amechoka.

"Umekunywa," akasema.

Kioo alimtazama. Kisha akamtazama mtoto, aliyekuwa ameamka na kunyonya ngumi yake. Kisha akainamisha kichwa.

"Basi," akasema polepole. "Nitaacha."

Furaha iliyolipuka mle ndani! Kaka alimkumbatia. Pacha mdogo alilia. Pacha mkubwa alipiga magoti, akamweka mtoto kwenye mapaja ya baba yake, na Kioo akamshika kwa mikono yake yote miwili inayotetemeka, akamnusa utosini, akatabasamu kidogo kama mtu anayetafuta kitu mfukoni asikipate. Mama Mapacha aliliona tabasamu lile. Alidhani ni aibu ya kukiri. Hakujua kwamba pua ya mumewe ilikuwa imekufa siku nyingi, na kwamba alikuwa akitafuta harufu ya mjukuu wake.

Wiki haikuisha kabla Kioo hajarudi tena akiyumba.

"Uliapa mbele ya mtoto," mkewe alimwambia. Hakupiga kelele. Alichukua godoro dogo, akalitupa sebuleni, na tangu siku hiyo maneno kati yao yakabaki mawili tu, yale ya mlangoni. Toa pumzi. Kioo alitoa. Hakusema tena kwamba hajanywa. Alisema, "Nitaacha, Mama Mapacha," na alilisema kila jioni, mpaka likamkaa ulimini.

Siku moja wenzake walimleta mchana, kwa mkokoteni wa kubebea makabati. Mama Mapacha alikuwa uani, mikono imezama katika maji ya kusuuzia, mashuka ya nyumba ya wageni yamejaa beseni. Alisikia magurudumu, akainua macho, akaona fundi mbao wa karakana akisukuma na mwenzake akivuta, na katikati yao gunia la kufungia samani, na chini ya gunia viatu vya mumewe.

"Ameanguka, shemeji," fundi mbao akasema, akihema. "Chumba cha vanishi. Tumemkuta sakafuni, bomba bado linapuliza."

Hakutoa mikono majini. "Mlazeni hapo kibarazani."

"Pengine tumpeleke hospitali..."

"Pombe hailazwi hospitali. Wala hailazwi kitandani kwangu. Hapo kibarazani panamtosha."

Fundi mbao alisita. "Shemeji, sisi hatujawahi kumwona akinywa."

"Hata mimi sijamwona. Ndio ufundi wenyewe huo."

Wakamlaza, wakaenda. Mama Mapacha akaendelea kusuuza. Kivuli cha ukuta kilikuwa juu ya mumewe, kisha kikaanza kusogea, jua likamfika magotini, likamfika kifuani, likamfika usoni. Alilitazama likipanda. Mashuka yalikuwa mengi, na alikuwa ameahidi yatakuwa tayari jioni. Alikamua moja, akalianika. Akakamua jingine. Jua lilikuwa limekaa juu ya kope za mumewe, naye alikuwa na shuka lililolowa mkononi ambalo angeweza kumtundikia, nalo akalitundika kwenye kamba pamoja na mengine.

Alipomaliza, akapita kibarazani na beseni tupu, Kioo alifumbua macho.

"Dada," akasema kwa adabu, kama abiria anayeuliza njia. "Hapa ni kwa nani?"

"Usinichezee."

"Samahani, dada. Nauliza tu. Mke wangu ni dobi, anakaa upande huu huu. Nyumba ina kamba nyingi."

Beseni lilianguka. Lilizunguka uani likipiga kelele, na kabla halijatulia Mama Mapacha alikuwa ameshatoka mbio kwenda kumwita kaka yake.

Hospitalini, daktari alikuwa mwanamke wa makamo, macho mekundu kwa zamu ndefu. Alimmulika Kioo machoni, akamwambia aguse ncha ya pua yake kwa kidole. Kioo aligusa shavu. Akamwambia akumbuke maneno machache, akazungumza mengine, akarudi kumuuliza. Kioo hakulikumbuka hata moja, akaomba radhi.

"Anafanya nini mzee huyu?" daktari akauliza.

"Ni mlevi," kaka akajibu upesi.

"Nimeuliza kazi yake."

Mama Mapacha ndiye aliyesema. Daktari akaendelea kuuliza, swali baada ya swali, na kila jibu lilitoka kinywani mwa Mama Mapacha kama anamsifu mumewe: ndiyo, anafunga madirisha yote. Ndiyo, siku nzima. Mikono huosha kwa thina, sabuni haitoshi. Kopo hubaki wazi, kwa sababu anachota kila mara. Ndiyo, anafunga kitambaa. Nilimkatia mwenyewe.

"Tumempima. Damu yake haina pombe, mama," daktari akasema.

"Labda leo hakunywa."

Daktari alivuta kiti, akaketi mbele yake. Hakumkemea, na Mama Mapacha angependa angemkemea. Alimwambia kwamba mvuke wa thina huingia kwa pumzi, hupita mapafuni ukaingia kwenye damu, na damu huupandisha kichwani, na kule kichwani hulewesha, sawasawa na pombe. Mtu huyumba, hucheka, hukasirika, na kesho yake kichwa humgonga. Akipumzika siku moja hupata nafuu. Lakini akirudi mwaka hadi mwaka ubongo wenyewe huumia, na pua huacha kufanya kazi. Kitambaa huzuia vumbi, hakizuii mvuke. Kwa kazi ile kulitakiwa barakoa yenye vichujio vya mkaa, na feni ya kuvuta hewa na kuitupa nje, na makopo yaliyofunikwa.

"Walikuwa wakimpa maziwa," Mama Mapacha akasema.

"Maziwa huenda tumboni, mama. Mvuke unakwenda mapafuni. Havikutani."

"Atapona?"

Daktari alimtazama Kioo, aliyekuwa akikunja na kukunjua pindo la shuka la hospitali. "Asirudi mle ndani hata siku moja. Akikaa mbali, haitazidi. Miguu itapata nguvu. Kumbukumbu, kiasi fulani. Sitakudanganya, haitarudi yote."

Mngedhani hapo alielewa. Hakuelewa, au hakutaka. Kuamini maneno yale kulikuwa na maana ya kukumbuka mambo mengi, na mojawapo lilikuwa jua la kibarazani. Alilala macho, na asubuhi alikwenda karakana. Aliwaambia wanawe anakwenda kuchukua vitu vya mumewe. Kwa kweli alikwenda kutafuta chupa.

Chumba cha vanishi kilikuwa tayari na fundi mwingine, mwanamume mnene aliyejifunza kwa Kioo. Matambara yalikuwa chini ya mlango. Madirisha yalikuwa yamezibwa. Katikati ya chumba kulikuwa na meza ndefu, imeshapigwa mkono wa kwanza wa vanishi.

"Ingia upesi, shemeji, ufunge!" fundi mpya akasema kupitia kitambaa chake. "Vumbi!"

Akaingia, akafunga. Thina ilimpiga usoni, machozi yakamtoka, akakohoa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya mumewe. Alitafuta kama anavyotafuta doa, bila kuruka mahali. Nyuma ya makopo. Ndani ya gunia la msasa. Juu ya rafu, kwa ncha za vidole. Chini ya sanduku la vifaa, na ndani yake, ambamo alikuta vitambaa vyake vya mashuka vimekunjwa kwa pindo moja moja, na bilauri yenye ukoko wa maziwa kitakoni. Nyuma yake mashine ilikuwa ikinguruma na bomba likipuliza. Akaanza upya, kutoka makopo.

Sijui alikaa humo kiasi gani. Yeye mwenyewe hajui. Anakumbuka kwamba wakati fulani aliona joto zuri mwilini, na kwamba rafu ilimchekesha, rafu tu, ilivyokaa upande. Akacheka. Halafu akakumbuka amefuata nini, akavuta pumzi ndefu kwa pua ili anuse ile chupa, maana chupa haiwezi kujificha kwake.

Hakusikia kitu. Hata thina hakuisikia. Chumba kilikuwa kimejaa ukungu mpaka taa ilikuwa na duara la manjano, na pua yake, pua iliyowalea mapacha, haikumwambia neno.

Hofu ikamshika. Akasimama, na sakafu ikainuka naye. Akaufuata mlango, akaukosa, akaupata, bega lake likagonga mwimo. "Samahani," akauambia.

Nje, jua lilimtia kiwi. Alishika ukuta wa karakana na kwenda nao, mkono mmoja mbele ya mwingine. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walisimama. Aliwafahamu, nguo zao alikuwa nazo kwenye kamba.

"He! Mama Mapacha naye?"

"Ndiyo hivyo. Wameamua kunywa wote wawili."

"Sijanywa," akasema Mama Mapacha.

Ulimi ulikuwa mzito. Neno lilitoka limelegea, limevutwa, na aliisikia sauti yake ikilitamka, naye alilijua. Alikuwa amelisikia mlangoni pake jioni hadi jioni. Lilikuwa neno la mumewe, kwa sauti ile ile, na miguu ilikuwa ile ile. Wanawake walicheka, wakaenda zao. Yeye aliketi chini, pale pale penye vumbi, akapigapiga mapaja yake kwa viganja, akalia kwa sauti bila kujali nani anatazama.

Alipoweza kusimama alirudi ndani. Aliyang'oa matambara chini ya mlango. Alichana karatasi za nyufa, akasukuma dirisha la kwanza, akasukuma la pili, upepo ukaingia na vumbi lake lote.

"Meza!" fundi mpya alipiga kelele. "Shemeji, unaua meza!"

"Toka nje," akamwambia. "Toka nje upumue, wewe una watoto."

Tajiri alikuja mbio, akaiona meza, vumbi limeganda juu ya vanishi mbichi, akashika kiuno. Mama Mapacha alimweleza aliyoyasema daktari, yote, feni na vichujio na makopo, akijikwaa kwenye maneno kwa sababu ulimi ulikuwa bado haujakaa sawa. Tajiri alisikiliza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemtarajia.

"Lakini tulikuwa tukimpa maziwa," akasema. "Kila siku, mama. Muulize yeyote."

Mama Mapacha alichukua sanduku la mumewe, akaondoka. Kwenye kona aligeuka kutazama. Dirisha moja lilikuwa limeshafungwa. La pili lilikuwa bado wazi.

Hospitalini alimkuta Kioo ameketi, amekula, na amemtambua. "Mama Mapacha!" akamwita, uso umechangamka. Yeye alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mikono ile inayotetemeka, na kusema jambo alilokuwa akilibeba njia nzima.

"Hukunywa. Hukunywa, mume wangu. Nimejua. Mimi ndiye niliyekosea, nisamehe. Hukunywa hata siku moja."

Kioo alimsikiliza kwa makini. Kisha akamtuliza, akimpapasa kichwani.

"Usilie," akasema. "Nimeacha. Niliapa mbele ya mtoto, hukumbuki? Nilikuwa mlevi sana, Mama Mapacha, nimewatesa. Lakini nimeacha."

Alimwambia tena, naye akakubali kwa kichwa, na asubuhi alikuwa ameshasahau. Kiapo hakukisahau. Mengi yalikuwa yamefutika, lakini neno alilolazimishwa kulisema lilikuwa limebaki mahali pake, gumu na linang'aa, kama kazi zake zote.

Siku hizi Kioo hayumbi. Daktari alisema kweli kuhusu miguu. Huamka, hunywa chai, hukaa kwenye kigoda chini ya kamba za nguo, na furushi zito likija humshikia mkewe ncha ya blanketi, yeye huku, mkewe kule, wakasokota. Mikono humtetemeka na blanketi humponyoka mara kwa mara. Pacha mkubwa huja na mtoto, humweka mapajani pa babu yake bila kuambiwa, kisha huenda nyuma ya nyumba akajifanya anatafuta kitu. Madirisha ya nyumba hukaa wazi. Kioo hupita akiyafunga, "Vumbi, Mama Mapacha," na Mama Mapacha hupita nyuma yake akiyafungua.

Ila jioni ikifika, wakati ambao karakana hufungwa, Kioo huinuka kigodani, hujikung'uta suruali, hutoka kwa mlango wa uani, huizunguka nyumba na kuja kusimama kizingitini mbele, mkono kwenye mwimo. Hapo hufungua mdomo.

"Nusa," husema. "Nimeacha."

Mara ya kwanza mkewe alimfunga mdomo kwa kiganja, akamsihi asifanye hivyo. Kioo aliingiwa na hofu, akadhani hakuaminiwa, hakula usiku ule. Kwa hiyo sasa Mama Mapacha hufanya anavyoombwa. Husogea karibu, hufumba macho, hunusa. Ni maziwa ya chai tu, na sabuni.

"Hukuwahi kunywa, Baba Mapacha."

"Nani? Mimi?"

"Wewe."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Kioo humtazama usoni, huku na huku, kuona kama anataniwa. "Na wewe unajua hivyo?"

"Najua."

"Na mtoto? Ameambiwa?"

"Ameambiwa."

Hapo uso wa Kioo hufunguka wote. Hucheka, hupiga kofi moja, hutazama barabarani kutafuta mtu wa kumwambia, na kama jirani anapita humwita, humwambia, "Umesikia anavyosema mke wangu?" Jirani huitikia kwamba amesikia. Kisha Kioo huingia ndani, ametuliwa mzigo, na chakula cha jioni hukila chote. Asubuhi huwa hana habari hiyo.

Jana furushi lilikuwa kubwa, na Mama Mapacha alichelewa kidogo na kazi. Aliposikia mlango wa uani ukifunguliwa na nyayo zikianza kuizunguka nyumba, aliliacha shati ndani ya povu, akakimbia kupitia sebuleni, asije akaukuta mlango umefungwa. Kioo alipofika kizingitini na kufungua mdomo, mkewe alikuwa ameshasimama pale, mikono inadondosha maji, akimngoja, tayari kumpa habari ile.